Uniti Moja Iliyomfutia Kocha Terpstra Mechi Tano

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Joleen Terpstra amepiga magoti kwenye mstari wa pointi tatu. Haombi. Kuomba alishaomba ndani ya gari, injini ikipata moto. Sasa anakwangua maharage yaliyokaukia sakafuni.

Jana wauza mbegu za mahindi walikodi ukumbi huu wa michezo wa Chuo cha Noordveld, hapa Iowa. Walikula supu nzito ya maharage na nyama pamoja na mikate ya mdalasini, wakaburuta viti badala ya kuvinyanyua, kisha wakaenda zao. Timu ya mpira wa kikapu ya wanawake inaanza mazoezi saa kumi na mbili kamili.

“Wanaume wanaingia saa tisa alasiri,” anasema Terpstra bila kuinua kichwa. “Hawajawahi kukuta maharage hata siku moja. Sijui maharage yao huwa yanakwenda wapi.”

Mlango unafunguliwa, baridi inaingia pamoja na wasichana watatu. Wa mbele ni Oriana Pettis, nahodha, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka mji wa Waterloo.

“Kocha, leo tunacheza au tunaosha vyombo?”

“Chukua tambara, Pettis.”

“Mimi nahodha, jamani.”

“Nahodha anachukua tambara kubwa.”

Msimu ulikwisha wiki mbili zilizopita, lakini mazoezi ya majira ya kuchipua hayangoji mtu. Na Alhamisi hii, saa kumi na moja jioni, bodi ya chuo itakaa kuamua mwanamke huyu anayekwangua sakafu atakuwa nani hapa.

Terpstra ana miaka arobaini na saba. Kibao cha mlango wa ofisi yake kimeandikwa “Kaimu Kocha Mkuu”. Neno hilo la kwanza limekaa pale kwa misimu miwili. Kiangazi kilichopita mkurugenzi wa michezo wa chuo, Dwight Kessler, alimwambia waziwazi: timu ikimaliza ndani ya nne bora na kuingia kwenye mtoano wa kanda, bodi itamthibitisha.

Katikati ya Februari timu ilikuwa ya pili, ikiwa na ushindi wa mechi ishirini.

“Nilikuwa nimeshaanza kukitazama kile kibao vibaya,” anasema. “Nilikuwa nimeshanunua bisibisi.”

Halafu ikaja habari ya Brinley.

Lakini ili mtu aelewe kwa nini jambo la Brinley Schoon lilimuuma hivyo, lazima aanzie mbali kidogo, maili kumi na moja kutoka hapa, kwenye shamba la nguruwe alikozaliwa Terpstra.

Mama yake, Arlys, bado anaishi hapo. Ana miaka sabini na mbili, na mikono yake ni mikubwa kuliko ya wanaume wengi wa kanisani kwake. Katika ujana wake wasichana wa jimbo hili walicheza sita kwa sita: wafungaji watatu upande mmoja, walinzi watatu upande wa pili, na hakuna kuvuka mstari wa kati. Arlys alikuwa mfungaji. Kuna usiku mmoja alifunga pointi hamsini na moja, na majirani hawajaacha kulitaja jambo hilo.

“Hamsini na tatu,” anarekebisha Arlys akimimina kahawa. “Mwamuzi aliniibia kikapu kimoja. Amekufa sasa, Mungu amrehemu, lakini aliniibia.”

Joleen aliukuta mchezo huo mwaka wake wa mwisho kabla haujaondolewa mashuleni mwaka 1993. Alikuwa kidato cha kwanza, akapangwa kuwa mlinzi.

“Nilinyang'anya mpira, nikaufikisha mstari wa kati, nikampa mwenzangu akafunge,” anasema. “Mwaka mzima sikurusha mpira kwenye kikapu katika mechi hata mara moja. Ukitaka kujua kazi yangu ya ukocha imekwendaje, andika hivyo hivyo.”

Alipomaliza chuo, goti lake la kushoto likiwa limeshapasuliwa mara mbili, alipata nafasi ya kusaidia timu ya chuo kikuu kimoja huko Missouri huku akisoma shahada ya pili. Alipewa chumba na dola mia sita kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kufua jezi, kukata mikanda ya video ya wapinzani, na kuendesha basi dogo. Jezi hazikuruhusiwa kuingia kwenye mashine ya kukaushia, kwa hiyo chumba chake kilikuwa na kamba tano, na alilala chini ya namba zinazodondosha maji.

Kutoka hapo akaenda South Dakota miaka minne. Kisha Illinois. Kisha Kansas, ambako kocha mkuu alifukuzwa mwezi wa Machi, na katika kazi hii mkuu akifukuzwa wasaidizi wote wanafungasha. Terpstra alipata habari hizo kwa simu akiwa kwenye foleni ya duka, mkononi ameshika kuku.

“Nikamlipia yule kuku,” anasema. “Ningefanya nini? Nikarudi nyumbani nikamwoka, nikala, nikaanza kutafuta maboksi.”

Kwa hesabu yake amekuwa kocha msaidizi kwa miaka ishirini na mitatu, katika vyuo saba vya majimbo matano. Amekaa jikoni kwa wazazi mia kadhaa akiwashawishi wamtoe binti yao aje kucheza kwake, akamfundisha binti huyo kukaba, kisha akahama kabla binti hajahitimu. Aliwahi kuwa na mchumba. Mchumba alichoka maboksi.

“Siku zote mimi ndiye niliyejua mchezaji gani amefiwa na nani, nani hali vizuri, nani analia bafuni,” anasema. “Halafu inakuja ile dakika ya mwisho, mechi iko sawa, mkuu anachora mchezo kwenye ubao, na mimi nimeshika maji. Mara nyingine ubao wenyewe unachorwa vibaya, na mimi naona kabisa. Nimeshika maji.”

Alirudi Noordveld kuwa msaidizi tena, safari hii kwa sababu ya mama yake. Miaka miwili iliyopita, wiki tatu kabla ya chuo kufunguliwa, kocha mkuu aliacha kazi akaenda kuuza bima. Kessler alimkuta Terpstra akijaza mipira upepo.

“Akaniambia, ‘Joleen, shikilia timu mpaka tupate mtu.’ Nikamwangalia. Nikamuuliza, ‘Na mimi ni nini, Dwight?’ Akasema, ‘Unajua ninavyomaanisha.’ Nilijua. Ndiyo maana niliuliza.”

Mshahara wa ukaimu ni dola elfu arobaini na moja kwa mwaka. Ndani yake kuna kufundisha masomo mawili, kuendesha basi dogo kwenda mechi zote zilizo chini ya maili mia mbili, na kupokea simu za wazazi wanaotaka kujua kwa nini binti yao alicheza dakika nne tu.

Hiki ni chuo cha miaka miwili. Mchezaji akianza kuelewa unachosema, anahitimu. Akiwa hodari sana, hata miwili hafikishi. Chuo kikubwa kinamwita naye anaondoka.

“Namwomba Mungu uvumilivu kila asubuhi,” anasema Terpstra, “naye kila Agosti ananiletea wachezaji wapya. Sijui kama hilo ndilo jibu, au ananiambia nimeomba kidogo.”

Sasa habari ya Brinley.

Brinley Schoon ana miaka kumi na tisa, ametoka shambani, na ndiye anayeongoza mashambulizi ya timu. Huona pasi ambazo wenzake wanaziona kesho yake. Kwa mujibu wa kanuni za chama cha michezo cha vyuo, kila mchezaji lazima awe amejiandikisha masomo yasiyopungua uniti kumi na mbili. Zikipungua hata moja, haruhusiwi kucheza. Akicheza, kila ushindi uliopatikana siku hizo unageuzwa kuwa kushindwa.

Kila kocha wa vyuo hivi anaijua kanuni hiyo kama anavyojua jina lake. Terpstra ana utaratibu wake: kila Jumatatu kila mchezaji huleta karatasi iliyosainiwa na walimu wake wote. Wachezaji wanaiita karatasi ya polisi. Mwalimu mmoja tu ndiye asiyesaini karatasi hiyo, naye ni Terpstra mwenyewe. Somo lake, Misingi ya Ukocha, lina uniti moja na hufundishwa saa moja asubuhi katika chumba kilichopakana na ukumbi, mara tu mazoezi yanapokwisha. Ya nini kujisainia, wakati anawaona wote wamekaa mbele yake wakinuka jasho?

Jumatatu ya tarehe 16 Februari alifungua orodha ya msajili ili aingize alama za katikati ya muhula. Jina la Brinley halikuwamo. Alimwita mwisho wa kipindi. Wachezaji wanayarudia mazungumzo hayo kwa kuigiza, mmoja akiwa kocha na mwingine Brinley, lakini Brinley mwenyewe anasema yalikuwa hivi:

“Brinley, mbona jina lako halimo?”

“Nililiacha, Kocha.”

“Uliacha nini?”

“Somo lako.”

“Lakini upo hapa. Umekaa hapo. Ijumaa ulikaa hapo.”

“Eeh, napenda kusikiliza.”

Terpstra alishika meza.

“Kuna ile insha ya kurasa kumi,” Brinley akaendelea kueleza, akidhani anasaidia. “Nikaona, jamani, uniti moja kwa kurasa kumi? Nikabonyeza kuacha. Lakini bwalo linafunguliwa saa mbili, na nje baridi, nikasema bora nikae tu humu. Na notisi naandika, Kocha. Nikuoneshe?”

“Usinioneshe.”

“Ni nzuri, lakini.”

“Brinley. Nenda ukale.”

Terpstra alifunga mlango wa ofisi akafungua barua pepe zake. Alikuwa na mia sita arobaini ambazo hajazisoma: za matangazo ya viatu, za wazazi, za maegesho ya magari. Kati ya hizo ilikuwapo barua ya ofisi ya msajili ya tarehe 21 Januari, yenye sentensi moja, ikimjulisha mwalimu wa somo kwamba mwanafunzi Schoon amejiondoa na kubaki na uniti kumi na moja.

“Watu wanasema msichana ndiye aliyefanya kosa,” anasema. “Hapana. Chuo kizima kina walimu themanini, na mfumo ulimtafuta mmoja wa kumwambia. Ulinitafuta mimi. Siku ishirini na sita barua imekaa mlangoni kwangu, na mimi nazunguka na karatasi kuwauliza walimu wenzangu kama wachezaji wangu wanahudhuria.”

Katika siku hizo ishirini na sita timu ilikuwa imecheza mechi sita na kushinda tano.

Alikwenda kwa Kessler saa hiyo hiyo. Wote wawili wanakumbuka maneno yaliyosemwa, ingawa kila mmoja anakumbuka sauti ya mwenzake kuwa ndiyo iliyokuwa juu.

“Nani mwingine anajua?” aliuliza Kessler.

“Mimi, wewe na Brinley. Na Mungu.”

“Sijasema tufiche, Joleen. Nasema ungoje hadi Ijumaa nizungumze na mwanasheria.”

“Jumatano tunacheza. Nimpange au nisimpange?”

Kessler alivua miwani akajisugua macho. Kisha akaisogeza simu ya mezani upande wa Terpstra. Terpstra alikipigia simu chama cha michezo akiwa amesimama, akataja jina lake, cheo chake pamoja na lile neno kaimu, na mechi tano moja baada ya nyingine kwa tarehe.

Anakiri kwamba baadaye alikaa ndani ya gari kwenye maegesho akasali kwa hasira. “Sikumlaumu Mungu,” anasema. “Nilimweleza tu jinsi mambo yalivyokaa.”

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kigumu kuliko ofisi ya Kessler. Aliwaambia wachezaji wote pamoja, akasema kosa ni lake. Oriana Pettis akamgeukia Brinley.

“Mechi tano kwa insha? Ungeniambia, mwanamke! Ningekuandikia mwenyewe!”

“Na hapo tungefutiwa msimu mzima,” akasema Terpstra. “Kaa chini, Pettis.”

Timu ilishuka kutoka nafasi ya pili hadi ya saba. Zilibaki mechi nne. Ili arudi uwanjani, Brinley alihitaji uniti moja kutoka somo linaloanza katikati ya muhula, na ofisi ya msajili ilipotafuta, lilibaki moja tu lenye nafasi: kulehemu vyuma kwa wanaoanza, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Akajiandikisha siku hiyo hiyo.

Darasa hilo la jioni ni la watu wazima. Wengi wanatoka kazini moja kwa moja, na wengine hawajashika kalamu kwa miaka thelathini. Wanafika mapema, wanafuta meza wenyewe, na kabla ya kuwasha moto wapo wanaoinamisha vichwa kidogo. Yupo Eusebio Tzoc, mwenye miaka hamsini na minne, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Siku ya kwanza alimuuliza Brinley kilichomleta, naye akamweleza kila kitu bila kuficha.

“Binti yangu,” Eusebio akamwambia, “mimi leo nimesimama kwa muda wa saa kumi nakata mabega ya nguruwe ndipo nikaja kukaa kwenye kiti hiki. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti, bure, asubuhi, umeoga—”

“Sikuwa nimeoga.”

“—na ukakiacha kwa sababu ya kuandika?”

Brinley anasema hakulala vizuri usiku ule. Wiki iliyofuata alimletea Terpstra insha ya kurasa kumi na mbili. Haina alama yoyote wala haihesabiki popote. Terpstra aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, na anasema aya zake kuhusu namna ya kusoma macho ya mlinzi ni bora kuliko kitabu wanachotumia.

“Kilichoniudhi zaidi ndicho hicho,” anasema. “Anajua kuandika!”

Walishinda mechi tatu kati ya nne. Ya mwisho ilichezwa hapa nyumbani, ukumbi umejaa, Arlys yuko safu ya pili na Eusebio nyuma yake akiwa bado amevaa buti za kiwandani. Zikiwa zimebaki sekunde sita, Noordveld nyuma kwa pointi moja, Terpstra aliomba mapumziko na kuchora mchezo mwenyewe kwenye ubao. Ulikuwa mchezo mzuri. Brinley alipitisha mpira kati ya walinzi wawili, Oriana akabaki peke yake hatua tatu kutoka kikapuni, akarusha. Mpira ulizunguka ukingo wa kikapu mara mbili, ukatoka.

Sitini na moja kwa sitini. Nafasi ya tano. Wanaokwenda mtoano ni wanne.

“Ungeugongesha kwenye ubao wa kikapu,” Arlys alimwambia Oriana mlangoni.

“Bibi, tafadhali,” akajibu Oriana huku akilia, na Arlys akamkumbatia hivyo hivyo.

Siku nne baadaye Kessler alimwita Terpstra akiwa na uso wa mtu anayeleta zawadi. Alikuwa amezungumza na wajumbe wa bodi mmoja mmoja. Baadhi walitaka aondoke. Yeye amewatuliza, na sasa kipengele cha tisa cha ajenda kinapendekeza kuongeza muda wa ukaimu kwa mwaka mmoja.

“Nimekupigania, Joleen. Huu ni ushindi.”

“Wa nani?”

“Watu wamepoteza kazi kwa makosa madogo kuliko haya.”

“Basi wanifukuze kwa hili. Nitawaelewa. Lakini mtu mwenye kosa la kufukuzwa humpi timu mwaka mzima, na mtu wa kupewa timu humwiti kaimu. Wachague.”

Kessler hapendi anavyosimuliwa mjini siku hizi, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba hakumficha mtu chochote. “Mimi nilitafuta njia ambayo kila mtu angeweza kuishi nayo,” anasema. “Ndiyo kazi yangu. Yeye ni kocha bora niliyewahi kufanya naye kazi, na ananichosha.”

Wiki hiyo hiyo ikaja simu nyingine. Chuo kikuu kimoja kikubwa cha jimbo jirani kinamtaka awe kocha msaidizi wa kwanza, kwa dola elfu themanini na nane. Kilimpa hadi Ijumaa, siku moja baada ya kikao cha bodi.

Arlys hana shaka. “Akubali,” anasema, akisukuma sahani ya keki ya mlozi mbele ya mgeni. “Goti lake linahitaji daktari mzuri. Mimi sina haja ya kutunzwa, nina koleo la theluji na nina kanisa. Akubali.” Kisha anaongeza: “Lakini usimwambie nimesema hivyo kwa moyo wote.”

Sheria za hapa zinamruhusu mkazi yeyote wa wilaya kusema mbele ya bodi kwa dakika tatu kuhusu kipengele chochote cha ajenda. Terpstra hakuomba upendeleo. Alijaza fomu kama mkazi, akapangwa wa nne, nyuma ya bwana mmoja anayelalamikia taa za maegesho.

Ndiyo maana asubuhi hii, mazoezi yalipokwisha na maharage yakiwa yamekwisha, wachezaji hawaendi kuoga. Wamekaa sakafuni nusu duara. Terpstra amesimama mbele yao na karatasi. Oriana ameshika simu, anahesabu muda.

“Waheshimiwa wajumbe wa bodi,” anasoma Terpstra, “kwanza naomba radhi—”

“Futa,” anasema Oriana.

“Sijamaliza sentensi.”

“Kocha, umeomba radhi kwa chama, umeomba kwa chuo, umeomba kwetu, umeomba kanisani. Wachungaji wenyewe wamechoka. Futa.”

Terpstra anafuta. Anasoma tena. Anaeleza idadi ya wachezaji waliohitimu chini yake, kumi na moja kati ya kumi na wawili. Anaeleza kosa lake kwa sentensi mbili. Anafika kwenye utaratibu mpya aliouweka, kwamba mwalimu mwingine sasa ndiye anayekagua karatasi za Jumatatu, pamoja na ile ya somo lake.

“Dakika mbili na nusu,” anasema Oriana. “Ombi liko wapi? Bado hujaomba kitu.”

“Nakuja.”

“Unakuja lini, wakishakuzimia kipaza sauti?”

Brinley, aliyekaa mwisho wa nusu duara na vidole vyenye alama ndogo za kuungua, ananyoosha mkono. “Kocha, ombi liweke mwanzo. Ulitufundisha hivyo. Kwenye notisi zangu lipo.”

Wenzake wanaangua kicheko. Terpstra anawaangalia kwa muda kama anayehesabu hadi kumi. Kisha anageuza karatasi upande wa nyuma, anaandika akiwa ameiegemeza ukutani, na anasoma:

“Naitwa Joleen Terpstra. Nawaomba mkatae kipengele cha tisa. Mnithibitishe kuwa kocha mkuu au mniache niende, na mpige kura kwa majina.”

Oriana anasahau kusimamisha saa.

“Na wakikuacha uende,” anauliza polepole, “si ile kazi nyingine ipo? Ya Ijumaa?”

“Haipo,” anasema Terpstra. “Nimewapigia jana nikakataa.”

“Kabla ya kura?”

“Kabla ya kura.”

“Kocha! Kwa nini usingengoja siku nne?”

“Kwa sababu ningesimama pale mbele nikijua nina pa kukimbilia, na ningesema kwa adabu.” Anakunja karatasi na kuiweka mfukoni. “Nimesali mwezi mzima, Pettis. Sikupata sauti wala ndoto. Nilipata tu kwamba sitaki tena kushika maji.”

Mama yake bado hajaambiwa. Atamwambia leo baada ya chakula cha jioni, na anatazamia makelele.

Kuhusu Ijumaa yenyewe, ameshaipanga. Saa kumi na nusu alasiri anatarajiwa jikoni kwa familia moja, maili sitini kaskazini, kumwona msichana wa miaka kumi na saba anayecheza kwa mkono wa kushoto na ambaye hakuna chuo kingine kilichokwisha kumtembelea. Akiwa kocha mkuu, atamwomba aje Noordveld. Akiwa si chochote, atamwambia hivyo kabla hajavua koti, kisha atakaa naye amsaidie kuandika barua kwa makocha watano anaowaamini.

Je, haingekuwa rahisi zaidi kupiga simu na kuahirisha hadi mambo yajulikane?

Terpstra anashusha pumzi, kama mtu aliyeulizwa swali hilo na kila mwenye mdomo katika mji huu.

“Mama wa yule msichana ameshanunua nyama,” anasema. “Nimwambie asipike kwa sababu ya kipengele cha tisa?”